Nyuki Asiye na Asali

Nilihisi mtetemo kwenye kidole gumba.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi wa pili. Jua la Kahawa West lilikuwa limeshazama nyuma ya miti lakini joto lilikuwa bado limekaa kwenye mabati. Nilikuwa juu ya ngazi, pale barazani, mkono wa kushoto umeshika boriti, wa kulia unashindilia donge la gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ndani ya tundu la mviringo, safi kana kwamba limetobolewa kwa keekee. Fundi alinionyesha kazi ilivyo kabla hajaondoka: unajaza, unakandamiza, unalainisha kwa kidole. Matundu yalikuwa sita na matano nilikuwa nimeshayaziba. Kwenye hili la sita, nilipokandamiza, kuna aliyekandamiza kutoka upande wa pili.

Nikasukuma zaidi. Nikalainisha. Nikashuka.

Wiki kadhaa zimepita na bado kidole hiki kinakumbuka.

## Usiku ule

Boriti ile ilipita juu kidogo ya dirisha la chumba ninacholala. Taa zilipozimwa nikaanza kusikia mkwaruzo, mdogo, wa subira, kama mtu anayekuna sufuria kwa ukucha. Unakoma, unaanza tena. Nilijiambia ni panya. Nilijua si panya.

Asubuhi nilitoka na kikombe cha chai mkononi. Sakafuni, chini ya lile tundu la sita, palikuwa na kilima kidogo cha unga, na juu yake gundi ilikuwa imetobolewa katikati. Alikuwa ameshatoka. Gundi ya tundu la mwisho haikupata muda wa kukauka.

Nilifurahi. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea habari njema kutoka hospitalini. Kisha macho yakahamia kwenye yale matano mengine, yaliyozibwa mapema, wakati jua bado kali. Yalikuwa laini, makavu, kimya.

## "Hawa wa nini?"

Nyuki hawa mmewaona. Ni wale weusi wanene wanaopita na mngurumo hadi watoto wanaacha mpira na kukimbilia ndani. Wetu wana mikanda miwili myeupe inayokaribia kuwa ya manjano mgongoni, mmoja pale kifua kinapoishia na mwingine pale tumbo linapoanzia, kana kwamba amejifunga leso tayari kwa kazi. Jike anaweza kuuma, lakini umshike na kumbana ndipo aone hana njia nyingine. Dume hana mwiba kabisa. Naye si mweusi, ana manyoya ya manjano yanayoelekea kijani mwili mzima. Kwa miaka miwili sisi hapa ploti tuliamini ni wadudu wawili tofauti, na yule wa manjano, anayening'inia hewani mahali pamoja akikutazama usoni, ndiye tuliyemwogopa zaidi. Kumbe analinda uwanja wake kwa macho na mabawa tu.

Mama mwenye nyumba alichoshwa na unga ulioanguka kwenye viti vyake vya baraza, na michirizi ya kahawia iliyokuwa ikishuka ukutani chini ya matundu. Akaita fundi. Fundi akapanda, akachungulia kwa tochi ya simu, akashuka akipangusa mikono.

"Hawa hawana hata asali, mama," aliniambia. "Wa nini?"

Nami nikaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo ninapojirudisha kila mara. Sikuuliza lolote. Tangu darasa la kwanza tumefundishwa "fuata nyuki ule asali", na nadhani methali ile ilikaa ndani yangu kwa upande ambao mwenyewe sikuujua: nyuki ambaye ukimfuata huli kitu, basi amepoteza haki ya kuitwa nyuki. Fundi alitamka tu hukumu niliyokuwa nimeshaikata.

Lakini nyuki wa asali ndiye wa ajabu kati yao. Duniani kuna aina zipatazo elfu ishirini za nyuki, na nyingi kati yake huishi bila malkia, bila vibarua, bila mzinga. Kila jike ni mwenye nyumba yake. Anachimba au anatafuta shimo, analisha wanawe, anafunga mlango. Asali ya kuweka akiba ya nini, wakati hana taifa la kulisha?

## Jina

Nilitaka kujua anaitwaje. Katika lugha ya sayansi jenasi yake ni Xylocopa, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya mkata mbao, na huyu wa mikanda miwili ni Xylocopa caffra. Linnaeus, yule msomi wa Uswidi, alimwandika mwaka 1767. Jirani yangu aliyekulia Mombasa anasema kwao wao humwita bunzi, ingawa jina hilo wengine huwapa nyigu wakubwa pia. Wengine husema nyuki seremala. Hapa kwetu ploti alikuwa "wale wadudu".

Hilo lilinikera kuliko nilivyotarajia. Kila asubuhi matatu yangu hupita Kasarani, karibu na Duduville, makao ya icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Mji huu umekuwa na kituo cha aina hiyo tangu kabla sijazaliwa. Na mimi ninayekipita kila siku nilimziba kiumbe ndani ya nyumba yake bila kujua anaitwaje.

## Siku boriti ilipopasuliwa

Siku tisa baadaye mama mwenye nyumba aliamua boriti yote ibadilishwe. Ilikuwa ya saipresi, haijawahi kupakwa rangi, imekaa juani na kwenye mvua kwa zaidi ya miaka ishirini. Mbao ya namna hiyo, kavu, laini, tupu, ndiyo hasa wanayoitafuta. Fundi aliikata vipande vitatu. Nilimwomba kile chenye matundu anipasulie kwa urefu, kufuata nyuzi za mbao. Alinitazama, akachukua shoka.

Ilifunguka kama kitabu.

Nilidhani nitaona uharibifu, vumbi, machimbo ovyo kama ya mchwa. Niliona korido. Kutoka kwenye tundu njia iliingia ndani kwa kina cha kidole, kisha ikakata kona na kufuata urefu wa mbao, upana uleule mwanzo hadi mwisho, kuta laini hata ukipitisha ukucha haukwami. Mbao yenyewe nyuki huyu haili. Anaikata kwa taya na kuitupa nje, na ndiyo ile iliyokuwa ikianguka kwenye viti.

Ila haitupi yote. Korido mojawapo ilikuwa imegawanywa vyumba vitano kwa kuta nyembamba, na nilipoinua ukuta mmoja kwa ncha ya kisu niliona umetengenezwa kwa unga wa mbao uliosokotwa na kugandishwa, mzunguko ndani ya mzunguko, kama ukili unavyoshonwa kuwa mkeka wa duara.

Unga wa mbao na kitu cha kugandisha. Nilikuwa nimemfungia kwa ufundi wake mwenyewe.

Chumba cha ndani kabisa, mbali na mlango, kilikuwa na pupa, yaani buu anayegeuka kuwa nyuki kamili, aliyeshika umbo lote la nyuki, bado mweupe, macho yameanza kuwa meusi. Kilichofuata kilikuwa na pupa mweupe pee, hadi macho. Cha tatu, buu mnene aliyejikunja, amemaliza chakula chake. Cha nne, buu mdogo juu ya mkate wa manjano. Na cha tano, jirani na mlango, kilikuwa na mkate mzima ambao haujaguswa, chavua iliyokandwa kwa mbochi ya maua, na juu yake yai moja.

Yai lile nilikaa nalo muda mrefu. Refu, limepinda kidogo, linang'aa, linapita sentimita moja. Mayai ya nyuki hawa ni miongoni mwa makubwa kabisa katika wadudu wote. Malkia wa mzinga akiwa kwenye msimu mzuri hutaga mayai zaidi ya elfu moja kwa siku. Huyu hutaga machache, ya kuhesabu kwa vidole, katika maisha yake yote. Kila moja analichimbia chumba, analikandia mkate wake, analijengea ukuta, ndipo aanze jingine. Kwa hiyo nilichokuwa nimekishika mapajani, kwenye kipande cha saipresi, huenda kilikuwa uzao wake wote.

Yeye mwenyewe alikuwa mlangoni. Amekufa akiwa ameelekea kwenye gundi, na taya zake zilikuwa zimeshikana kwa gundi hiyohiyo. Nilimgeuza kwa kijiti. Mbele ya tumbo lake kulikuwa na kijitundu, na ndani yake utitiri weupe wachache wakitembea. Baadaye nilisoma kwamba majike wa kundi hili wana kifuko maalumu mahali hapo, na utitiri hao hukaa humo na kusafiri naye kiotani. Hata wapangaji alikuwa nao.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Hakusema neno. Alichukua kofia yake, akaenda kuchanganya simiti.

## Biringanya

Nilianza kutafuta utetezi, na utetezi ulikuwa karibu, kwenye magunia yangu nyuma ya jikoni.

Nimepanda biringanya manane. Ua la biringanya huinama, na katikati lina koni ya manjano. Chavua imefungiwa humo, na mlango wake ni vijitundu vidogo kwenye ncha, kama kopo la chumvi ya mezani. Haitoki mpaka kopo litikiswe. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Bunzi anajua. Nilimwona Jumapili moja, pengine yuleyule aliyejitoboa akatoka. Alifika na ule mngurumo wake mzito, akalikumbatia ua mpaka likazama kwa uzito wake, akalishika kwa taya, kisha sauti ikabadilika. Mabawa yalitulia mgongoni lakini mwili wote ukatetema, na mlio ukapanda kutoka besi hadi kiwembe, mkali, mfupi, mara tatu. Vumbi la manjano likamwagika tumboni mwake. Akaachia, ngurumo ikarudi, akaenda ua jingine.

Wapo waliolipima jambo hili, tena hapa nchini. Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walifanya kazi Nguruman, kule chini ya ngema upande wa Magadi, kwenye mashamba ya biringanya, na mwaka 2008 walichapisha walichokiona: wachavushaji bora wa biringanya pale walikuwa nyuki wawili wa porini, mmoja mdogo aitwaye Macronomia rufipes, na mwingine huyu wetu, Xylocopa caffra. Walionyesha pia kwamba nyuki hao wanategemea pori lililo jirani na mashamba. Ongeza mbaazi, kunde na mitoo, maua yanayohitaji mgeni mzito wa kuyabonyeza yafunguke. Ongeza pasheni. Kwa haki niseme pia kwamba kwenye maua marefu ambayo mdomo wake haufiki ndani, hutoboa pembeni na kuiba mbochi bila kugusa chavua.

Nilikwenda kwa mama mwenye nyumba na hoja hiyo nikiwa nimeipanga vizuri, na biringanya mbili mkononi.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, na huyo nyuki atanilipia mbao?"

## Shida ya hoja yangu

Nilirudi nyumbani nikiwa na kinyongo naye, na kinyongo hicho kilidumu siku mbili. Kisha nikakubali kwamba ana haki. Nyumba hizi nne ndizo pensheni yake. Ni kweli kwamba korido moja haiangushi boriti, lakini mabinti hurudi kwenye kiota walichozaliwa, huongeza korido juu ya korido, na baada ya miaka mingi mbao huchoka. Mzee anayeishi kwa kodi ya nyumba hawezi kuombwa abebe hilo kwa sababu mpangaji wake amependa mdudu.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa hoja yangu mwenyewe. Nilikuwa nimejibu swali la fundi, "wa nini?", kwa lugha ileile ya fundi. Hana asali, lakini ana biringanya. Nilikuwa nimemtafutia mzinga mwingine wa kumpimia. Na kama ingetokea kwamba hagusi biringanya, hagusi mbaazi, anaishi tu kwa maua ya jakaranda na kichaka cha barabarani, ningerudi juu ya ngazi na donge la gundi?

Nimeliwaza swali hili kwenye matatu, kwenye foleni ya benki, nikiosha vyombo. Jibu langu ni hapana, na haliji kwa hoja. Linakuja kwa kidole. Kulikuwa na mtu upande wa pili wa ile gundi. Nimeandika "mtu" na nimeiacha, kwa sababu ndivyo nilivyohisi: mama mmoja aliye nyumbani kwake, mlango unafungwa kutoka nje, naye anausukuma.

Mabuu wale waliokuwa hai nyuma yake hawakujua lolote. Kila mmoja alikuwa na mkate wake.

## Kipande kwenye ua

Jioni ile ile ya shoka nilifanya jambo moja, sijui kama lilikuwa la akili. Nilirudisha nusu mbili za kile kipande pamoja, taratibu, kila ukuta mahali pake nilivyoweza. Nilichomoa gundi yote milangoni kwa bisibisi. Nikazifunga nusu zile kwa raba za tyubu ya baiskeli, zile wanazofungia mizigo kwenye boda, nikakaza, nikakining'iniza kipande chini ya ukingo wa bati kwenye banda la kuku la zamani, kando ya ua wa kayaba, milango ikitazama jua la asubuhi. Kamba ya kuning'inizia nikaipaka oili chafu ili chungu wasishuke.

Walishuka. Siku ya nne niliwakuta wakitoka kwenye ufa, wamebeba manjano ya mkate. Niliwafukuza kwa moshi nikaipaka kamba upya, lakini vyumba viwili vya karibu na mlango nina hakika vimekwenda. Kile chenye yai kimojawapo.

Kwa mama mwenye nyumba tulikubaliana hivi: boriti mpya ipakwe rangi ya mafuta pande zote, hata ncha, kwa kuwa mbao iliyopakwa rangi huwa hawaipendi. Rangi nimenunua mimi. Vipande viwili vilivyobaki vya ile boriti kuukuu, alivyotaka kufanyia kuni, amenipa. Aliongeza, bila kuulizwa, kwamba utotoni mwao kwenye shamba la Murang'a nyuki hawa walikaa kwenye nguzo za ghala la mahindi, na bibi yake alikuwa akiwazuia watoto kuchokoa matundu yao kwa vijiti. Hakusema kwa nini. Nilimuuliza, akasema hakuwahi kuuliza.

Kila asubuhi kabla ya kazi ninakwenda bandani na kuweka sikio kwenye mbao. Mtoto wangu huja naye na kuweka lake. Mara nyingi tunasikia kuku wa jirani na matatu za Kamiti Road. Jumatano iliyopita alinishika mkono akaninyamazisha kwa kidole, akasema kuna kitu. Mimi sikusikia.

Leo asubuhi alikuja mgeni ambaye hatukumngoja. Nyuki mdogo wa kijivu, hafiki nusu ya bunzi, amebeba chini ya tumbo kipande cha jani la waridi, duara kamili, kibichi, kikubwa kuliko yeye. Alizunguka mara mbili mbele ya kipande cha boriti, akachagua mojawapo ya zile korido tupu zilizokuwa za marehemu majirani, akaingia na jani lake. Baada ya dakika chache alitoka mikono mitupu. Kisha akarudi na jani jingine.

Raba za baiskeli bado sijazifungua.